Fomu ya Safu Nne

Mtoto wa kaka yangu, niliyemvalisha nepi kwa mikono hii, alikuja ofisini kwetu kufundisha usalama wa kompyuta kwa vitendo, akaniambia mbele ya watu, "Shangazi, wewe kaa nyuma utazame tu."

Nilikaa, ila damu ilinichemka. Meneja alikuwa ametangaza kwamba atakayeshindwa zoezi la siku hiyo atahamishiwa stoo, asiguse kompyuta tena. Wote waligeuka wakanitazama mimi, Mama Mafaili wa masjala, miaka ishirini na sita kwenye kiti kile kile.

Zoezi lenyewe: kufikia saa sita, kila mmoja apate neno la siri la mwenzake kwa ujanja wowote, bila kugusa kompyuta yake. Vituko vikaanza. Mhasibu alijifunika koti pamoja na kibodi. Dereva alijifanya fundi wa mtandao, akafukuzwa. Katibu muhtasi alichungulia watu mabegani mpaka shingo ikamuuma.

"Shangazi, umekata tamaa?" mwalimu akanichokoza.

"Mimi na kompyuta wapi na wapi, mwanangu. Acha nipitishe fomu ya mahudhurio."

Niliichapa mwenyewe, nikaigonga muhuri. Safu nne: jina, idara, simu, neno la siri. Ofisi nzima inanijua: fomu yenye nafasi tupu nairudisha, hata iwe ya meneja. Nimeshawapandisha watu ngazi upya kwa sababu ya tarehe tu waliyosahau kuandika. Basi fomu ikazunguka na kalamu yake. Mwalimu naye aliijaza huku akiendelea kuhubiri kuhusu umakini.

Saa sita nikasimama. "Watu kumi na tisa," nikasema nikiinua karatasi, "maneno ya siri kumi na tisa. La meneja liko juu kabisa."

Meneja alijishika kipara. "Mama Mafaili," akasema hatimaye, "rudi masjala kwako."

Nilifurahi mpaka meno yote yakaonekana. Wengine walikimbilia kubadilisha maneno yao ya siri, mwalimu akiwa mbele yao. Alipomaliza alinifuata masjala, jasho likimtoka.

"Shangazi, tafadhali, nipe hiyo karatasi niichane."

"Karatasi haitoki hapa bila kusainiwa." Nikamsogezea daftari. "Jina, saa, neno la siri jipya."

Akachukua kalamu. Akajaza jina, akajaza saa, na mkono ukahamia safu ya tatu bila kusita.