Mierebi ya Moza

Kwa miaka sitini na mitatu, waumini wa sinagogi ndogo ya uchochoro wa Wakurdi, pale Yerusalemu, walikuwa hawajashika katika ibada ya sikukuu tawi la mwerebi, ule mti wa vijitoni, lililokatwa na mkono wa mtu mwingine isipokuwa wa nyumba ya Rahamim. Alianza babu, baba yake Rahamim, aliyekuja kutoka Zakho, kwa Wakurdi, na kisu chake cha mpini wa pembe, akafuata Rahamim mwenyewe. Mwaka huu Sikukuu ya Vibanda ilimkuta Rahamim kitandani, goti limetoka kupasuliwa, na mwana wa kiume hakujaliwa. Alikuwa na Sera tu, binti wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo, ambaye akisalimiwa na watu watatu kwa mpigo huanza kutazama viatu vyake.

"Tumtegemee huyu?" aliuliza Ami Zvulun, jirani yao, siku walipokutana sinagogini kupanga mambo ya sikukuu. "Jamani, tuagize matawi ya mashamba ya mahema ya plastiki. Yanakuja yamefungwa vizuri, hata jani halijakunjika."

"Zvulun, wewe hata mkeo ungemwagiza kwenye plastiki," alijibu Mzee Nehorai, mkaguzi wa mimea ya sikukuu. Watu wakacheka. Kisha mzee akawa hana mzaha. "Tumpe mwaka huu mmoja. Akiharibu, basi, tutaagiza."

Sera alisikia yote akiwa nyuma ya pazia la wanawake.

Ikabaki siku moja tu sikukuu iingie. Asubuhi akateremka Moza, bondeni, kando ya barabara iendayo pwani. Huko ndiko zamani watu wa Hekaluni walikoshuka kukata matawi ya kuizungushia madhabahu. Mwerebi wa babu ulikuwa palepale kwenye kona ya kijito, mfupi, majani membamba, mtu angeweza kuupita asiuone. Kwa kile kisu cha mpini wa pembe alikata nusu ya mzigo. Halafu, hatua kumi mbele, akaona mti mwingine: mrefu, umeshiba maji, unameremeta. Akayatazama matawi yake yaliyokonda, akamkumbuka Ami Zvulun. Nusu iliyobaki akaikata kwenye ule mti mzuri, akafunga yote katika taulo bichi, matawi manene chini, membamba juu.

Adhuhuri ua wa sinagogi ulikuwa umejaa watu. Kibanda cha sikukuu kilikuwa kimesimama, bado makuti ya juu tu. Wanaume walikuwa wakigeuzageuza matunda yao ya etrogi, yale malimau makubwa ya sikukuu, kama mama anayemkagua mtoto baada ya kuanguka. Mzee Nehorai alifunua taulo bichi la Sera, akachukua mafungu matatu ya juu, akayaweka chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Shina jekundu. Jani refu. Ukingo laini," akatamka kwa sauti ili wote wasikie. "Ubarikiwe, mwanangu. Ni kama ya baba yako."

"Haya, nimenyamaza," alisema Ami Zvulun.

Sera alijisikia mrefu. Akaketi kupanga mafungu, na bila kufikiri akatia jani moja katikati ya midomo, akalivuta taratibu, kama alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni. Jani likamkwaruza.

Akachukua jingine. Likamkwaruza. Akalielekeza juani: ukingo ulikuwa na meno kama mundu, na shina lake lilikuwa jeupe. Haukuwa mwerebi. Ulikuwa ule mti unaofanana nao, ambao Torati haiukubali. Mafungu yote ya chini yalikuwa ya mti ule.

Mzee alikwisha kupitisha. Hakuna ambaye angeyafungua tena. Watu wangeshukuru, wangeshika, wangebariki, na siku ya saba wangepiga matawi yao chini, kama ilivyo desturi, yakaisha. Lakini kila mmoja wao angekuwa amembariki Mungu juu ya kitu kisicho mwerebi, na angekuwa amefanya hivyo kwa kuiamini nyumba ya Rahamim.

Alisimama.

"Mzee Nehorai." Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mzee Nehorai! Nusu ya haya hayafai. Nimekosea mti."

Watu wakaacha etrogi zao, wakamgeukia.

"Si nilisema?" Ami Zvulun akapiga paja. "Si nilisema mimi?"

"Ulisema, ami," alijibu Sera, na safari hii hakutazama viatu. "Nipeni hadi saa kumi."

Alipanda basi, akateremka Moza mara ya pili. Alipiga magoti matopeni chini ya ule mwerebi mfupi, akakata tawi baada ya tawi, na kila tawi akalijaribu mdomoni kabla ya kuliweka kwenye taulo. Alirudi saa kumi kasorobo, sketi imelowa hadi magotini, midomo michungu.

Mzee Nehorai alikuwa akimngoja mlangoni. Kioo hakukitoa mfukoni.

"Umejaribu mangapi?"

"Yote."

"Gaweni," mzee aliwaambia watu. Kisha akamgeukia Ami Zvulun. "Mimi mwenyewe nilipitisha, na sikuona. Hiyo plastiki yako ingeniambia?"

Ami Zvulun akajikuna kidevu. "Nipe mafungu mawili, binti Rahamim," akasema. "Moja langu, moja la mkwe wangu. Yule ni mtu wa kukagua sana."

Siku ya saba Rahamim alikuja kwa magongo, akachukua tawi lake kama watu wote. Kabla ya kulipiga chini, alichuma jani moja, akalipitisha mdomoni polepole, mwanzo hadi mwisho. Sera alikuwa kalishika pazia kwa mkono mmoja, anamtazama.

Alipofika nyumbani akatoa kile kisu cha mpini wa pembe, kikavu, kimepanguswa, akamrudishia baba yake.

"Cha nini?" alisema Rahamim. "Mimi sina kazi nacho. Kitie kwenye droo yako."