Ubao wa Harithi na Ilimba ya Elieza

Harithi aliuchora ubao wa pedali zake za gitaa kwanza kwa chaki, sakafuni mwa chumba chake pale Chang'ombe: pedali ya mkwaruzo mbele, ya mwangwi mwisho, karibu na amplifaya. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kuleta vitu kutoka Dubai, pedali za gitaa zilizotumika ziliuzwa sokoni pamoja na pasi na redio. Akaunga mbao za kasha la chai, akazifunga pedali kwa vipande vya kandambili.

Ilibaki kurekodi kanda, na kanda ilimtegemea Elieza, rafiki yake wa Mvumi, aliyepiga ilimba, ile marimba ya Kigogo ya vyuma juu ya kisanduku cha mti. Elieza angeondoka kwa basi la jioni.

Elieza alipokuwa uani akila, Harithi aliijaribu ilimba kwenye maikrofoni aliyoiunga na ubao. Ikavuma kama nyuki. Akabadili waya, akahamisha adapta. Nyuki palepale, na yeye hakuvumilia kasoro kwenye ubao wake. Alipoigeuza ilimba aliona matundu yamezibwa na utando wa buibui. Akamwonea rafiki yake aibu, akafuta yote kwa kitambaa. Sauti ikatoka safi.

Elieza alirudi, akapiga kidogo, akaacha.

"Nani kaigusa?"

"Nimekusafishia. Ilijaa utando."

"Nabandika mwenyewe, bwana. Ndio unaoifanya iseme. Sasa umenipa kengele ya baiskeli."

Harithi hakuwa mwepesi wa kuomba radhi. Akakanyaga pedali ya mkwaruzo, irudishe ule mvumo. "Piga sasa."

Elieza akapiga. "Nzi ndani ya chupa," akasema, akaanza kuifunga ilimba kwenye kitenge.

Harithi alimtazama akifunga fundo la kwanza. Kisha akatoka kwenda uani.

"Mama, humu ndani utando wa buibui uko wapi?"

Bi Mwanne aliusimamisha ufagio wake. "Nyumbani kwangu? Nani kakwambia upo?"

Chumbani Elieza akacheka, akalifungua fundo.

Waliupata kwenye stoo ya mkaa, nyuma ya mlango, mweupe na mwembamba. Elieza akaubandua kwa wembe, akaugandisha kwenye matundu kwa mate. Ilimba ikavuma.

"Nimekuharibia," alisema Harithi, akitazama waya.

Akaichomoa pedali ya mkwaruzo, aliyoipenda kuliko zote, akaisukuma mvunguni mwa kitanda. Katika nafasi iliyobaki wazi ubaoni, Elieza akaweka kiberiti chenye utando mwingine.

"Wa akiba," akasema. "Ukijisikia kusafisha tena."

Harithi akabonyeza kitufe cha kurekodi.