Kuku wa Mgeni

Jumanne ya kwanza ya Juni, saa tano asubuhi, Winfrida alikuwa akipepeta uwele mlangoni mwa jiko lake, kilomita kumi na tisa magharibi ya Sepuka, mkoani Singida. Ndani, juu ya mafiga matatu yasiyo na moto, sufuria kubwa ya nyumba ilikuwa ikichemka. Ilikuwa imechemka kwa miaka saba.

Kuku aliyekuwamo alichinjwa mwaka 2017 kwa ajili ya mtafiti aliyeitwa Asnath, aliyekuja na dodoso la maswali arobaini na mawili kuhusu afya ya uzazi. Swali la ishirini na tatu liliuliza kama wanawake wanapata kikwazo kufika kwenye huduma ya kujifungulia. Anastazia, mama mkwe wa Winfrida na mkubwa wa nyumba, alijibu, "Hilo tutaongea tukishakula," kwa sababu mgeni hapewi habari nzito akiwa na njaa. Dodoso lilikuwa na visanduku viwili tu: "kipo" na "hakipo". Kuku alikuwa hajaiva, na kabla ya jioni zilibaki kaya nyingine kumi na moja. Asnath alitia alama kwenye "hakipo", akashukuru, akaondoka.

Kaya zote thelathini na nne za kitongoji zilitoa jibu lile lile, na zote zikatiwa alama ile ile. Jedwali la sita la ripoti lilionyesha sifuri. Zahanati iliyokusudiwa upande huo ilijengwa kwingine, kulikoonyesha uhitaji.

Jioni ile moto ulizimika lakini sufuria haikupoa. Kuku hakuchacha, wala mchuzi haukupungua. Gaspari, mwenyekiti wa kitongoji, aliikagua akasema iachwe, kwa kuwa haili kuni. Mwaka wa pili Zefania, mume wa Winfrida, alijaribu kuvuta paja. Halikutoka.

"Kuku huyu ana adabu kuliko mgeni aliyechinjiwa," alisema, akarudisha mwiko.

Hata hivyo aibu ya kuku asiyeliwa ilikuwa ya nyumba, si ya mgeni. Winfrida alifunga mlango wa jiko kila wageni wengine walipopita, na ugali wake akaupikia nje. Anastazia alifariki mwaka wa tatu, jibu lake likiwa bado halijachukuliwa.

Sasa gari lilisimama tena. Asnath alishuka akiwa na shahada ya uzamivu, pamoja na Profesa Lupe, mwanamke wa makamo kutoka visiwa vya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, aliyemsimamia tasnifu yake huko New Zealand. Profesa alikuwa ametumia maisha yake kutetea njia ya utafiti ambayo watu wa kwao huiita talanoa: mtafiti huja bila dodoso, huketi, hutaja ukoo wake, hula anachopewa, kisha husikiliza mpaka mwenyeji amalize. Asnath alikuwa ameandika kitabu kueleza jinsi alivyoitumia njia hiyo Singida. Ukurasa wa 88 ulisema: "Mtafiti alikula na familia, na mazungumzo ya kweli yakaanza." Profesa alitaka kuiona familia hiyo kabla ya kuandika dibaji ya toleo la pili.

"Shikamoo, Mama Jenipher," alisema Asnath.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Winfrida. "Karibuni. Kuku wako ameiva."

Asnath alitazama sufuria, kisha mafiga, kisha viatu vyake. Profesa aliuliza kuku huyo aliwekwa jikoni lini. Asnath alimweleza kwa Kiingereza kwamba kuku wa Singida huchukua muda.

Profesa alitoa mkeka aliokuja nao kutoka kwao, akamkabidhi Winfrida kwa mikono miwili, akataja majina ya wazee wake hadi wa saba. Winfrida alitaja ya kwake. Kisha wakaketi, wakala. Paja lilitoka bila shida. Asnath alikula ameinamisha kichwa. Nyama ilikuwa laini na chumvi ya kutosha. Walipomaliza, sufuria ilipoa.

Winfrida alinawa, akasema sasa atajibu lile swali, kwa kuwa mama mkwe wake alimwachia. Aliongea kwa dakika ishirini bila kupandisha sauti. Alisema wanawake huanza safari ya kituo cha afya cha Sepuka kwa mkokoteni wa ng'ombe uchungu ukishashika, na mvua zikinyesha korongo hufunga njia. Aliwataja wanne waliojifungulia njiani, kila mmoja na mahali pake. Kisha akamtaja mmoja ambaye hakuvuka korongo, wala mtoto wake. Huyo alikuwa Jenipher, binti yake wa kwanza, Machi 2021.

"Tuliambiwa zahanati haikuja kwa sababu tulisema hatuna shida," alimalizia. "Mwambie mgeni wako hivyo. Halafu mwambie ni nani aliyesema."

Asnath alikuwa mkalimani pekee.

"Anasema karibu sana," alimwambia Profesa, "na amefurahi kwamba tumefika."

Profesa alisubiri. "Yeye ameongea sana. Wewe umeongea kidogo."

"Lugha yetu ina heshima nyingi."

Profesa akaliandika hilo kwenye daftari.

Winfrida hakujua Kiingereza, lakini alijua urefu wa habari ya kifo. Alikusanya sahani.

"Basi," alimwambia Asnath, "siku ukishiba, utarudi."

Gari lilipovuka korongo, sufuria tupu ilianza kuchemka. Winfrida alifunua: kuku mzima, mapaja yote mawili mahali pake. Akaifunika, akafunga mlango wa jiko, akatoka kusonga ugali nje.

Toleo la pili lilitoka Februari. Kabla ya hapo Asnath alikuwa ameufungua ukurasa wa 88 mara nyingi, kalamu mkononi. Lakini sentensi ile sasa ilikuwa ya kweli. Mtafiti alikuwa amekula na familia, na mazungumzo ya kweli yalikuwa yameanza. Hakukuwa na cha kusahihisha. Jedwali la sita la ripoti ile lilichapishwa tena nyuma ya kitabu, na sifuri yake.