Uchangamfu wa Wastani

Ofisi ya utabiri wa hali ya bahari ilikuwa ghorofa ya tatu, na dirisha lake la pekee lilitazamana na ukuta wa jengo la jirani. Ukitaka kuiona bahari ilibidi ushuke ngazi, uvuke barabara mbili, kisha utembee robo saa. Mtabiri wa zamu, ambaye wenzake walimwita Mama Mawimbi, alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na bahari aliyoifahamu kuliko zote ilikuwa ile inayokuja kwenye kompyuta kama safu za tarakimu.

Alhamisi asubuhi tarakimu hazikumpendeza. Boya la kupimia lililoko mbali na pwani lilisema mawimbi ni madogo, lakini kati ya wimbi na wimbi zilipita sekunde kumi na nane. Mawimbi ya upepo wa karibu hufuatana mbio mbio, yakisukumana kama watu kwenye foleni. Yanayopeana nafasi kiasi hicho yana adabu ya wageni wa mbali. Akafungua picha za setilaiti na kuona yalikotoka: dhoruba pana, kilomita elfu tatu kusini, iliyokuwa imekaa siku nne ikiyasukuma maji. Akapiga hesabu mara tatu, akitumaini amekosea. Jumamosi, kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, mawimbi ya mita tatu na zaidi yangefika. Kwenye lango la bandari, ambako kina ni kifupi, yangeinuka na kuvunjika kwa kishindo. Na juu ya balaa lote hilo anga lingekuwa safi, jua likiwaka, upepo haupo hata wa kupeperusha karatasi.

Akaandika taarifa yake na kuweka neno "hatari" pale lilipostahili. Kisha akampelekea Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye kipaji cha pekee: aliweza kutuliza bahari kwa kalamu nyekundu. Jumamosi hiyo hiyo, saa tano kamili, feri mpya ilikuwa inazinduliwa kwa safari fupi ya nje ya bandari na kurudi, ikiwa na wageni mia mbili, bendi ya tarumbeta na yeye mwenyewe kama mgeni wa heshima. Hotuba yake kuhusu sayansi na wananchi ilikuwa tayari imepigwa chapa. Akaisoma taarifa kwa masikitiko, akauliza kama mawimbi hayo hayawezi kuwa ya Jumatatu. Mama Mawimbi akamweleza kwamba yalishaondoka huko yalikotoka. Alitamani kuongeza kwamba pengine kosa ni la waandaaji, kwa kutoyapelekea nakala ya mwaliko, lakini alikuwa na watoto wawili shuleni.

Kalamu ikafanya kazi yake. "Hatari" likafutwa, na "mita tatu" ikaenda nalo. Palipobaki wazi Mkurugenzi akaandika kwa mwandiko mzuri: bahari itakuwa na uchangamfu wa wastani.

"Weka sahihi," akasema.

"Hiyo si taarifa yangu, bosi. Siweki."

Hakuwahi kumjibu hivyo. Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama kiti kilichoanza kuongea. Mwishowe akaweka sahihi mwenyewe.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Wiki iliyotangulia wafanyakazi waligawiwa tiketi za uzinduzi, na Mama Mawimbi, kwa ukarimu ambao sasa aliujutia, alimpa mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa ameshashona gauni na kununua kofia pana. Alipoombwa asiende alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho, akatoka nje, akatazama juu, akarudi na kuketi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "kama tiketi hii umemwahidi mtu mwingine, niambie tu."

Mume naye akaona ni vyema asiwe upande wowote, msimamo alioutetea kishujaa tangu siku ya harusi.

Ijumaa, kama kila siku, nahodha wa feri, aliyehamishwa kutoka ile ya zamani, alipiga simu kuuliza hali ya bahari. Walikuwa wamezungumza hivyo miaka tisa bila kuonana. Taratibu za ofisi zilimtaka mtabiri asome kilichotiwa sahihi, basi naye akakisoma.

"Dada," nahodha akasema, "uchangamfu wa wastani una mita ngapi?"

Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi, hatua sita kutoka mezani kwake.

"Tatu, labda na nusu," akajibu, wala hakupunguza sauti. "Langoni, kuanzia saa tano. Mama mkwe wangu atakuwemo na ameshanunua kofia."

"Nimekuelewa," akasema nahodha, akakata.

Jumamosi kulikuwa na jua la kupigia picha. Mama Mawimbi hakuwa kazini. Alikwenda bandarini na kusimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine. Wageni walipanda, bendi ikapuliza, mama mkwe akampungia mkono kutoka sitaha ya juu kama malkia anayesamehe. Saa tano ikafika, feri haikuondoka. Ikatangazwa kwamba injini moja ina hitilafu ndogo inayoshughulikiwa. Mmiliki wa feri alipanda na kushuka ngazi za chumba cha nahodha mara nne, kila mara akiwa mwekundu zaidi. Ili muda usipotee, Mkurugenzi akaombwa atoe hotuba yake palepale.

Alikuwa ukurasa wa pili mawimbi yalipowasili. Ndani ya bandari feri ilianza kupanda na kushuka taratibu, kwa utulivu wa kuudhi, na wapuliza tarumbeta wakaziweka chini mmoja mmoja. Nje, langoni, ukuta wa maji uliinuka kutoka kwenye bahari iliyokuwa laini kama meza, ukavunjika kwa ngurumo iliyosikika mpaka sokoni. Ukafuata mwingine. Kamba moja ya kufungia feri ikakatika. Mkurugenzi alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akatamka neno "sayansi", kisha akamtapikia mmiliki wa feri suti yote. Zaidi ya hapo hakuna aliyeumia.

Jumatano ikaundwa kamati, si kuchunguza taarifa, bali kuchunguza injini. Fundi aliapa hajaona hitilafu, na nahodha alikuwa amesimamishwa kazi. Mkurugenzi alikaa mbele, akiwa ameshawaambia waandishi kwamba ofisi yake ilikuwa macho wakati wote. Hapo Mama Mawimbi akasimama, akaweka mezani taarifa yake yenye michoro ya kalamu nyekundu, na kusema kwamba injini ilikuwa nzima. Aliyeizima ni yeye mwenyewe, kwa simu. Nahodha, mtu mfupi kuliko sauti yake, alimgeukia na kumtazama kwa mara ya kwanza maishani.

Kamati ilitenda haki kwa namna yake. Nahodha alirudishwa kazini. Mama Mawimbi alipewa barua ya onyo kwa kuruka ngazi za utawala, na Mkurugenzi akapandishwa cheo, akapelekwa makao makuu ambako hakuna bahari kabisa.

Jioni ile mama mkwe alimkuta jikoni akiisoma barua. Akaichukua, akaikunja, akaiweka juu ya kabati, kisha akavuta kiti.

"Hebu nieleze," akasema. "Mawimbi yale yametoka mbali kote huko, bila upepo. Yalikuwa yanasukumwa na nini?"

Mama Mawimbi akajaza maji kwenye beseni, akayasukuma kwa kidole upande mmoja, na wote wawili wakatazama wimbi dogo likifika upande wa pili.