Firmin Hajaitwa

Kila tarehe kumi na moja Novemba watu wa kijiji cha Vauzelle walikusanyika mbele ya mnara wa waliokufa katika Vita Kuu. Meya alisoma majina yaliyochongwa, na kwa kila jina watoto wa shule waliitikia: "Amekufa kwa ajili ya Ufaransa." Meya alikuwa Anselme Courtade. Alipokuwa waziri alitoka Paris kuja kuyasoma, na hata alipopelekwa Roma kuwa balozi, umeya hakuuachia.

Firmin Sabourdy naye alikuja kila mwaka, matundu ya risasi kifuani, akasimama mwisho wa mstari kungoja jina lake. Halikuwapo kwenye jiwe. Vitani alihukumiwa kifo kwa kukataa kutoka handakini, akauawa kwa risasi za wenzake, na aliyeongoza mahakama ya jeshi siku hiyo alikuwa Courtade huyuhuyu, wakati huo kapteni. Watu walisogea wakampa nafasi.

"Umekonda, Firmin," mwoka mikate alimtania. "Huko hawakulishi?"

"Supu tupu, kaka."

Mama yake, Honorine, hakuja kulia. Sherehe ikiisha tu, alimkabili Courtade kwenye meza ya divai.

"Bwana Waziri, mwanangu utamwandika lini?"

"Mama Sabourdy, jambo lako liko moyoni mwangu. Tutalitazama."

Alipokuwa balozi alisema vilevile, ila kwa sauti tamu zaidi. Ulimi huo ndio uliompandisha vyeo. Honorine alifunga shali yake kwa hasira.

"Basi mwakani nipo."

Courtade alifia Roma, kwenye dhifa, kijiko cha aiskrimu mkononi. Watu wa Vauzelle hawakuchelewa kulichonga jina lake kwenye mnara, tena kwa dhahabu. Novemba meya mpya alilisoma, watoto wakaitikia, na Courtade mwenyewe alikuwa amesimama kando ya Firmin, nishani zote kifuani.

Honorine alimwendea. "Leo huna treni ya kuwahi. Nijibu."

Marehemu aliinama kwa adabu. "Tutalitazama, Mama Sabourdy."

"Mwongo mpaka kaburini! Haya, mwakani nipo."

Machi Honorine alizikwa. Novemba alikuwa wa kwanza kufika, na shali ya kumfunika mwanawe. Majina yakasomwa hadi la mwisho. Firmin hakuitwa. Honorine akakunja mikono ya blauzi, akamfuata Courtade kwenye meza ya divai.