Maziwa ya Mashine

Asubuhi moja Dafroza alifungua bomba la jikoni aoshe ndizi, yakatoka maziwa. Yalikuwa ya vuguvugu na yalinuka mbwa. Alikinga sufuria kwanza, ndipo akamwita Salehe, fundi bomba wa Majengo. Salehe alikagua mita na koki.

"Bomba zima, mama," alisema. "Haya ni maziwa ya mbwa. Mmenunua mtoto wa mbwa karibuni?"

Walikuwa wamenunua. Mtoto huyo alilala nyuma ya mlango kwenye boksi la sabuni, mbwa wa aina ya Jamani Shepadi kutoka duka la mbwa la Gidioni mjini, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Vedastus, mume wa Dafroza, alitaka mbwa wa kuogopwa.

"Ameachishwa ziwa la mama yake kabla ya wakati, basi maziwa yanamfuata," alisema Salehe. "Hapa Rau mnaniita kila siku kwa hili." Alikataa chai, akaenda zake.

Beatha, binti wa kaka yake Vedastus, aliishi nao; alikuwa amemaliza chuo na alijitolea katika kituo cha kuokoa mbwa kule Masama. Yeye hakunywa chai ya maziwa yale. Wengine walikunywa. Dafroza alisema ukitia tangawizi harufu inakatika. Baadaye akawa anagandisha mtindi, na jirani yao, Mama Godlove, aliyeogopa mbwa tangu utoto, naye akaenda kununua mtoto wa mbwa.

"Afadhali mbwa kuliko ng'ombe," alieleza. "Majani nikakate wapi mimi?"

Kule Masama mbwa walikuwa tele, wamepona upele, wamechanjwa, wanatolewa bure kwa yeyote mwenye ua na huruma. Watu walipanda, wakatazama, wakauliza, "Lakini hawa si koko?" Kisha wakateremka mjini kwa Gidioni.

Beatha naye akaenda kwa Gidioni. Nyuma ya duka, ndani ya banda la wavu ambalo halikumruhusu hata kugeuka, alikuwamo mama wa watoto wote wale. Matiti yake yaliburutika kwenye kinyesi chake mwenyewe, na chuchu zilitoa usaha na maziwa kwa pamoja. Gidioni alimwita Mashine.

"Shikamoo, baba. Naomba nimchukue huyu."

"Marahaba. Akikauka njoo umchukue. Saa hizi bado ananizalia."

"Atakufa."

"Akifa si atakuwa amekauka?" Gidioni alicheka peke yake.

Kwao Beatha, mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na mzazi haguswi na kazi. Hukaa ndani akiletewa mtori na supu mpaka mwili urudi. Beatha hakuona njia nyingine. Akapika mtori wa ndizi na nyama, akaubeba kwenye hotipoti, akamlisha Mashine kwa mkono kupitia tundu za wavu, ili awe hai mpaka siku ya kukauka kwake, ampeleke Masama akapumzike.

"Yeleuwi! Mtori wa mzazi anapewa mbwa!" alisema Gidioni. Lakini hakumzuia, maana chakula hakikuwa chake.

Beatha aliendelea kupeleka mtori kila siku. Vidonda vilifunga na mbavu zikajificha. Na huko Rau mabomba yakaanza kutoa kwa nguvu maziwa mazito yenye povu. Dafroza alionja, akalamba kidole, akauliza kumetokea nini. Beatha, ambaye hakujua kudanganya, akamwambia.

Kesho yake Beatha alikuta wanawake wamejaa nyuma ya duka, kila mmoja na hotipoti yake. Mama Godlove alileta na supu ya kongoro.

"Kula, mzazi, kula," walimbembeleza, wakimkuna kipaji cha uso. "Kula utuzalie."

Hakuna aliyesema neno juu ya banda. Gidioni alimletea Mashine dume kabla hata watoto wa mwisho hawajauzwa.

"Kwa matunzo haya hakauki leo wala kesho," alimwambia Beatha, na hakuwa anatania. "Asante, binti. Kweli umesoma."

Wiki kadhaa baadaye Beatha alipanda Masama, akarudi nyumbani na koko mmoja wa manjano mwenye sikio lililokatika. Vedastus alimtazama mbwa, akaenda kufungua bomba la uani, ambalo lilikuwa bado linatoa maji. Yakatoka maji.

"Huyu anatoa nini?"

"Hatoi kitu, baba mdogo. Atakaa na sisi tu."

"Basi mrudishe, mwanangu. Tusilishe mdomo wa bure."

Akamrudisha kwa miguu, na njia ilipita kwa Gidioni. Foleni ilikuwa imetoka hadi barabarani. Mashine, tumbo limejaa mimba tena, alimwona Beatha kati ya watu wote wale, akatikisa mkia mpaka ukagonga wavu.

"Mpisheni huyo," alisema mama mmoja. "Ndiye aliyeanzisha."

Wakampisha kwa heshima.