Taa Mpya za Mzee Kumezo na Figili Zangu

Mume wangu Kumezo huongea akiwa garini tu. Nyumbani ni mtu wa kuguna. Umpe chai, anaguna. Umwambie maji ya kuoga tayari, anaguna. Lakini mkalishe kwenye usukani wa gari letu jeupe, kuukuu kama ndoa yetu, utasikia habari za nyuki, za marehemu mama yake, za jinsi theluji ya zamani ilivyokuwa theluji kweli. Kila Alhamisi tukishuka bondeni kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, mimi hushiba maneno ya wiki nzima.

Ndiyo maana nilishtuka mwanetu Haruhiko alipokuja kutoka mjini, akapanda gari na baba yake jioni moja, akashuka amepauka.

"Baba, huoni wewe. Rudisha leseni polisi."

"Naona vizuri. Taa ndizo hazioni."

"Haya. Gari likianguka ukaguzi wa mwezi huu, linakwenda kukatwa chuma chakavu na leseni unairudisha. Sawa?"

"Likianguka, chukua na kofia yangu."

Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa hapohapo namenya viazi, hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake Kumezo akaenda kwa Tobita, yule anayekata magari mabovu, akarudi na taa mbili za zenoni, zile zenye kioo cha mviringo kama jicho la samaki. Ili azipachike, ilibidi kwanza afungue taa zetu za zamani, na gundi yake haiachii bila joto. Akazitia chini ya meza yetu ya joto, ile yenye hita chini, tunayoifunika blanketi na kuingiza miguu wakati wa baridi.

"Bibi, usiingize miguu. Kuna taa."

Nikakaa kutwa nzima nimekunja miguu kama kuku, gundi inanuka mpaka kwenye wali.

Alipomaliza, tukatoka jioni kuzijaribu. Ama kweli ziliwaka! Gari la kwanza tulilopishana nalo likatuwashia taa na kuzima, harakaharaka. Kumezo akainama kwa heshima. La pili, vilevile. La tatu, lori, likawasha mara nne na honi juu. Akainama mpaka paji la uso likagusa usukani.

"Umeona, bibi? Hata wasionijua wananisalimia siku hizi."

Tuliporudi akaegesha mbele ya ghala, ambako nilikuwa nimetundika figili upenuni zikauke kabla ya kuzitia chumvi. Nikatazama. Figili za kulia zinang'aa kama ziko kwenye sherehe. Za kushoto ziko gizani. Na kulia ndiko wanakotokea wenzetu barabarani.

"Mzee, mwanga wako unapanda kulia. Unawapiga watu machoni."

"Figili zako zina leseni?" akasema, akaingia ndani.

Nilimwambia tena asubuhi, na tena wakati wa chakula. Akaguna. Nami si mtu wa kugombana. Nikasubiri.

Jumapili alikwenda kwa jirani yetu Sakichi kucheza kete. Hurudi kwa miguu kabla ya chakula cha jioni, na mwezi wa Novemba saa hiyo giza limeshaingia. Nikachukua ufunguo wa gari mbele ya picha ya mama yake, anakouweka ili nisiuguse. Nikamwomba mama mkwe radhi. Gari la shamba nimeliendesha tangu ujana wangu, lakini hilo jeupe nilipigwa marufuku. Nikalitoa polepole mpaka barabarani, nikawasha taa, nikaenda kumlaki mume wangu.

Mwanga ulipompata njiani, akainua mkono. Kisha mikono miwili. Kisha kofia.

"We mpumbavu! Zima! Unataka kuua mtu?"

Akapiga hatua pembeni, na pembeni kuna mfereji wa shamba la mpunga. Tope likamfika magotini. Nikasimamisha gari, nikawasha na kuzima mara mbili, nikainama mpaka paji la uso likagusa usukani.

Akakinga macho kwa kofia, akachungulia.

"Bibi?"

"Abee, mzee."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilidhani unanisalimia."

Akapanda upande wa abiria, ananuka tope, mara yake ya kwanza kukaa pale. Tulipofika uani ndipo akauliza, "Nimewafanyia hivyo watu wangapi?"

"Wote uliowainamia."

Kumezo alipozirudisha, Tobita alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, si ulichagua mwenyewe zilizong'aa kuliko zote? Hizo ni za gari la Marekani. Kule wanapita kulia, na mwanga hupandishwa upande huo!" Akampa nyingine, za gari la hapahapa kwetu. Gundi ikarudi chini ya meza, na mimi nikarudi kukunja miguu.

Safari hii nilisimama kwenye ghala nikizitazama figili, yeye akizungusha skrubu za taa.

"Za kushoto?"

"Zimeamka."

"Za kulia?"

"Bado zinakoroma. Ziache hivyohivyo."

Gari likapita ukaguzi. Haruhiko alipopiga simu, baba yake akaguna mguno wa ushindi, akanipa mimi niongee. Nikamwambia mwanangu tumepatana: kwenda anaendesha baba, kurudi giza likiingia naendesha mimi.

"Na baba amekubali?"

"Muulize mfereji."

Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba kiti cha abiria kitamfunga mdomo. Thubutu! Alhamisi ile alianza kuongea tukiwa bado hatujatoka kwenye maegesho ya chemchemi: punguza mwendo, kata kona, mama alikuwa hapendi daraja hili. Tukiwa tunapanda kilima, gari likatokea mbele, likatuwashia taa na kuzima.

"Simama! Simama, bibi! Taa!"

Akaruka chini, akachuchumaa mbele ya bampa, anazikagua kwa kiganja, moja moja. Lile gari likasimama ubavuni mwetu, kioo kikashuka. Alikuwa Sakichi.

"Mzee mwenzangu, siku hizi ukisalimiwa unageuka unatuonyesha matako?"

Kumezo hakuinua hata kichwa. Ikabidi niiname mimi, kwa niaba ya nyumba nzima.